Bwana Mifugo Niliyemkuta Akiosha Buti

Nina ng'ombe kumi na wanane wa maziwa pale Kihonda, na hakuna hata mmoja niliyemrithi. Shule niliishia darasa la saba, tena mtihani wenyewe ulinishinda, lakini leo watu wenye digrii zao wanapanga foleni getini kwangu asubuhi na vidumu mkononi. Sisemi haya kwa kujikweza. Nasema ili wewe mwenzangu wa rika langu unayesoma ujue kwamba anayeandika hapa si mtu wa kutishika ovyo. Nimewahi kufukuza wezi wa ng'ombe nikiwa na koleo tu. Basi mtu huyohuyo ndiye aliyetoka bandani mwake wiki chache zilizopita akaenda kushika ukuta kwa sababu ya harufu ya sabuni.

Ng'ombe wangu mmoja alishindwa kuzaa. Kijana wangu wa kazi akapiga simu, na haikuchukua muda akaja kuniambia, "Bosi, bwana mifugo kafika." Nikageuka nikaona binti wa miaka ishirini na kitu, suruali ya jinzi, ushungi kichwani, begi mgongoni. Hakuna aliyeshangaa. Akajipaka sabuni ya mche kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, akamiminia iodini, akainama nyuma ya ng'ombe. Sabuni ya mche na iodini zikikutana zina harufu yake, kali na chungu, na sikuwa nimeinusa hivyo, kwenye mkono wa mwanamke, tangu nikiwa mtoto milimani. Ndama alitoka mzima. Vijana wangu wakadhani bosi wao anaogopa damu. Niliwaacha wadhani.

Nilizaliwa juu, upande wa Mkuyuni, kwenye mgongo wa mlima ambako ukidondosha chungwa uani unalikuta kwa jirani wa chini. Baba alikuwa ameshuka Ngerengere kutafuta kibarua, kisha habari zake zikawa chache, halafu zikakoma. Kwetu Waluguru hilo halikutufanya yatima wa kurandaranda. Mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwenye sauti ni kaka wa mama. Tulikuwa na mjomba. Alikuwa mrefu, mwenye kanzu safi kila siku ya Mungu, na akikohoa njiani sisi watoto tuliacha kucheza.

Mama alikuwa kwenye kikundi cha akina mama kumi na wawili waliopewa mtamba mmoja wa maziwa. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa hata kwa mtoto: ng'ombe analelewa na wa kwanza, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mama wa pili, na wa pili akipata naye anapeleka kwa wa tatu, hivyo hivyo. Kura ya kwanza ilimwangukia mama. Akamwita ng'ombe Tunu. Alimjengea banda la mianzi, akawa anashuka makorongoni kukata matete, anapanda na mzigo ambao ukimwona kwa mbali unadhani kichaka kinatembea.

Mjomba hakuupenda mpango ule. Alisema wazi, tena uani kwetu, kwamba ng'ombe ni mali ya kusimamiwa na mwanamume, na kwamba siku Tunu atakapokufa mama ataachana na mambo ya vikundi na kurudi kulima shamba la ukoo kama dada zake. Hakusema "akifa". Alisema "atakapokufa". Nilikuwa mdogo lakini tofauti ile niliisikia, na mama aliisikia, maana usiku huo hakula.

Sasa nieleze kuhusu neno, maana kosa langu lote limo ndani ya neno. Mtaalamu wa wanyama serikali ilimwita bwana mifugo, kama wa mazao alivyoitwa bwana shamba. Jina lenyewe lilikuja limevaa suruali. Bwana mifugo wa zamani nilimjua: mzee mwenye tumbo, kofia ya pama, sauti ya kukwaruza. Alistaafu, na tukasikia ameletwa mpya, daktari kabisa, amesoma chuoni. Watoto tulimchora kichwani. Mimi wangu alikuwa na ndevu, miwani na koti jeupe lenye mifuko mitatu. Nilimpenda kabla sijamwona. Niliwaambia wenzangu kwamba nikikua nitakuwa yeye. Watu wazima walikuwa wamesikia zaidi ya sisi, nadhani, lakini walipomtaja walisema bwana mifugo tu, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto kilichomo ndani ya jina.

Asubuhi ile Tunu alianza uchungu kabla jua halijatoka. Chupa ilipasuka, ukaonekana mguu mmoja, halafu hakuna kingine. Mama aliinama akatazama, akainuka, akanishika mabega. Aliniambia nikimbie hadi barabarani nikamwite bwana mifugo, nimweleze kwamba mguu mmoja umetoka na wa pili hauonekani. Akaongeza, "Usizungumze na mtu mwingine njiani, utachelewa. Bwana mifugo tu."

Nikashuka. Kwa mwendo wa mtu mzima ni saa nzima na nusu. Mimi sidhani kama nilitumia saa. Ofisi ilikuwa kibanda cha vyumba viwili, bati jekundu, pikipiki imeegemezwa ukutani. Mlango ulikuwa wazi. Nakumbuka mlango. Nakumbuka hata jiwe lililouzuia usijifunge na upepo. Nje, kwenye bomba, palikuwa na mwanamke amejifunga khanga juu ya suruali, anaosha buti za mpira.

Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, baba, akauliza nani mgonjwa. Nikasema nimetumwa kwa bwana mifugo.

"Ndiye mimi," akasema.

Nikacheka. Si kwa jeuri. Nilidhani ananitania, maana wake za wakubwa walikuwa na mchezo huo wa kujibia waume zao. Mke wa mwenyekiti wetu alikuwa akisema "mwenyekiti ni mimi" na watu wote wanaangua kicheko. Nikasimama namsubiri amalize utani aniitie mume wake. Yeye akauliza ng'ombe ni wa nani, kijiji gani, ana nini. Nikakumbuka maneno ya mama: bwana mifugo tu. Nikamwambia nimekatazwa kusema na mtu mwingine.

Alinitazama kidogo. Akaweka buti chini, akasema, "Basi ngoja nikuletee huyo bwana mifugo," akaingia ndani. Leo najua alikwenda kuvaa koti lake na kuchukua mkoba, ili mtoto aone kwa macho. Siku ile nilielewa vingine kabisa. Nilielewa kwamba mume hayupo, kwamba mwanamke yule atanishika pale anihoji, na Tunu anakufa. Nikaondoka. Nikaenda barabarani, nikakaa nyuma ya mikungu ya ndizi iliyorundikwa kungojea lori, ili nimwone bwana mifugo wa kweli akirudi.

Nilimsikia akiita. "We mtoto! Mtoto uliyetumwa!" Aliita mara tatu au nne. Niliinama chini zaidi. Kisha pikipiki ikawaka, ikapita mbele yangu, ikaenda upande wa Matombo, na juu yake sikumwangalia ni nani kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye magoti.

Nilikaa pale hadi adhuhuri. Msikitini walipoadhini nikaanza kulia, na mama mmoja mwenye zile ndizi akaniuliza nalia nini. Nikamwambia namngoja bwana mifugo.

"Bwana mifugo si huyo anazunguka na pikipiki asubuhi yote?" akasema. "Anauliza kila nyumba, nani ana ng'ombe anayezaa, nani kamtuma mtoto. Ndiye wewe?"

Nikamwambia aliyepita ni mke wake.

Yule mama hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, akasema taratibu kama anayemwambia mtu habari za msiba, "Mwanangu, hana mume hapa. Bwana mifugo wetu ni mwanamke."

Pikipiki ilirudi muda si mrefu, imejaa vumbi. Alipomwona yule mama ananielekezea kidole akasimama. Nilitegemea kofi. Aliniuliza tena, kwa utaratibu uleule wa asubuhi, ng'ombe ni wa nani, kijiji gani, ana nini, na safari hii nikajibu yote mfululizo, makamasi yananitiririka. Akasema, "Panda." Ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda pikipiki, na sikufurahi hata kidogo. Njia ilipoishia tukaiacha pikipiki chini ya mbuyu, tukapanda kwa miguu. Alikuwa mbele. Mkoba alibeba mwenyewe.

Tulifika alasiri. Uani palikuwa na wanaume sita au saba, na mjomba katikati yao ameshika kisu. Tunu alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka, anapumua kwa kishindo. Walikuwa wanataka kumchinja kabla hajakata roho, asije akawa kibudu na nyama ikatupwa. Mama alikuwa amekaa kichwani kwa Tunu, amemkumbatia shingo, mahali hasa ambapo kisu kingepita. Alikaa tu pale, na mjomba hakuweza kumwondoa dada yake mbele ya watu.

Daktari akawaamkia. Mjomba akauliza huyu nani. Mmoja akasema ndiye bwana mifugo mpya, na wengine wakaguna. Mwingine akatania kwamba bwana gani anatinga khanga. Yeye alikuwa ameshapiga magoti, anavua saa na kuniwekea kiganjani. Akaomba maji ya moto na ndoo.

"Huyu kwisha," mjomba akasema. "Tusogee tuchinje, jua linakwenda."

"Kisu chako kikae hapohapo karibu, mzee wangu," akajibu, bila kuinua kichwa. "Nikishindwa nitakuita mwenyewe. Hutakula kibudu."

Akajipaka sabuni, akamimina iodini, akaingiza mkono. Sijui nieleze vipi. Nimeona madaktari wengi tangu hapo, nimewalipa wengi, na hakuna niliyemwona akifanya kazi amefumba macho kama yule. Alikuwa amelaza shavu juu ya mgongo wa Tunu, anatafuta kwa vidole, na midomo yake inacheza kama anayemsimulia mtu njia. Kila Tunu alipokaza, uso wa daktari ulikunjamana, maana mkono ulibanwa mfupani. Alimsukuma ndama ndani kwanza, jambo ambalo lilimfanya mjomba aseme anamuua, kisha akaukunjua ule mguu wa pili, akafunga kamba, akamwambia mama avute naye pamoja. Mama, si wale wanaume. Wakavuta.

Ndama alikuwa jike. Madoa meupe kwenye paji la uso. Alikuwa amekufa. Daktari alimsugua kwa majani, akampulizia puani, akamning'iniza kichwa chini kwa msaada wa mama. Alihangaika naye muda mrefu zaidi ya alivyohitaji, hata mimi niliona. Kisha akamlaza, akamgeukia Tunu, akamchoma sindano mbili, akamnywesha maji yenye chumvi na sukari. Jua lilipoanza kugusa mlima Tunu alijiinua kwa miguu ya mbele, akaanguka, akajiinua tena, akasimama.

Ng'ombe alipona. Lakini mama wa pili wa kikundi alikuwa amefika na alikuwa ameona ndama aliyekuwa wake akiwa amelala pale kwenye majani.

Mjomba akakiweka kisu kwenye ala. Nadhani aliona haya, na mtu wa namna yake akiona haya hutafuta wa kumtwisha. Akamwambia daktari kwamba mtoto alitumwa tangu alfajiri, kwamba angefika mapema ndama angekuwa hai, na akauliza, mbele ya wote, alikuwa wapi. Kisha, kabla hajajibiwa, akanigeukia mimi.

"Mpwa wangu, ulimkuta wapi huyu?"

Saa yake ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimwangalia mama, nywele zimejaa majani, damu hadi mabegani. Nikafikiri, akijua ni mimi atafanya nini. Nikasema, "Nilikuta ofisi imefungwa."

Daktari alikuwa anaosha mikono kwenye ndoo, na mikono yake ikasimama ndani ya maji. Aliniangalia. Hakukunja uso. Aliniangalia kama alivyomwangalia Tunu alipofika, kama anayepima kitu kiko wapi na kimekwama vipi.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nimefunga."

Basi ikawa hivyo. Niliambiwa nimsindikize hadi kwenye pikipiki, na njia nzima nilingoja aseme. Alisema pale alipokuwa anafunga mkoba kwa mpira. Alisema, "Siku nyingine mwambie tu mtu ng'ombe yuko wapi. Habari za kumwamini mtazimaliza baadaye." Akachukua saa yake kiganjani mwangu, akashuka.

Kuna watu hudhani uongo wa mtoto ni mdogo kwa sababu mtoto ni mdogo. Wangu ulishuka na watu kesho yake hadi sokoni. Ilisemwa milima yote ile kwamba bwana mifugo mwanamke hufunga ofisi asubuhi, analala, au ana mambo yake. Watu wa mgongo wetu wakawa wanampita pale barabarani wanakwenda kumtafuta yule mzee aliyestaafu, aliyekuwa haoni vizuri tena. Nilihesabu wanyama waliokufa, kwa jinsi mtoto anavyohesabu: ng'ombe wa shehe, mbuzi wawili wa bibi jirani. Daktari aliendelea kupanda. Hakuitwa, alipanda mwenyewe, anapita nyumba hadi nyumba anauliza habari za kuku. Ilichukua mvua tatu watu kuanza kumwita. Na walipomzoea, walimwita bwana mifugo, "shikamoo bwana mifugo", wazee wazima, na hapakuwa na aliyecheka. Lakini hadithi ya ofisi haikufa. Ilikaa pembeni yake kama alama ya moto. Hata waliompenda waliisimulia: alikuwa hodari, ila mwanzoni alikuwa anafunga ofisi.

Mama naye aliisimulia hivyo. Tunu alimzalia mara tano baada ya hapo, na maziwa yake ndiyo yaliyonivusha mimi hadi nikashuka mjini. Kila ninachomiliki kimetoka kwenye ule mkono. Mama amefariki, na alikufa akiamini ofisi ilikuwa imefungwa. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kumwambia.

Yule binti alipomaliza kazi pale Kihonda nilimuuliza kama amewahi kusikia habari za mwanamke wa kwanza kuletwa milimani kwetu kama daktari wa mifugo. Akasema ndiye aliyemfundisha yeye chuoni, sasa amestaafu, anakaa Mazimbu. Nikaenda. Nilivaa suti, nikaendesha lile gari langu kubwa, nikabeba dumu la maziwa. Nilitaka aone alichokiokoa. Nilijiona nakwenda kumpa kitu alichokingoja maisha yake yote.

Nilimkuta amekaa kwenye kibaraza anachambua mchele, nywele nyeupe, mikono ileile. Nikampa shikamoo, nikasimulia yote bila kupumzika, buti, bomba, ndizi, kisu, ofisi. Alinisikiliza hadi mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na ng'ombe, kondo la nyuma lilitoka?"

Nikamwambia lilitoka, na kwamba alizaa mara tano. Akafurahi, akatikisa kichwa. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Utanisamehe, baba. Wewe sikukumbuki. Mlikuwa wengi."

Sikuelewa. Akanieleza. Kulikuwa na mtoto aliyekimbia akajifungia chooni. Kulikuwa na mzee aliyekaa naye ofisini kutwa nzima, wanazungumza vizuri tu, akingojea bwana mifugo arudi. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa wilaya aliyempa barua ya bwana mifugo aipeleke. Kwenye darasa lao chuoni wanawake walikuwa wawili, na mwenzake alipangiwa mbali, naye barua zake zilikuwa zimejaa hayohayo. Alisimulia huku anachambua mchele, anatoa chuya moja moja. Mimi niliyebeba kosa langu miaka yote kama la mtu wa pekee nilikaa pale na suti yangu, nikaona halikuwa hata la pekee.

Nikamuuliza kwa nini alikubali uongo wangu. Akasema mtoto hamkumbuki, ila mama aliyemshika ng'ombe shingo mbele ya kisu anamkumbuka, na wanaume wale wangemwambia ameangushwa na mwanawe mwenyewe. Akaona afadhali waseme yeye.

"Kule kwenu bado wanasema nilikuwa nafunga?" akauliza.

Nikasema bado wanasema.

"Basi hukupaswa kuanzia kwangu," akasema. Akaurudia mchele wake.

Jumamosi iliyofuata nilipanda. Mjomba yu hai, anakaribia miaka tisini, amekaa kwenye kiti cha kamba uani kwake, wajukuu wamemzunguka, majirani wamekuja kuona gari limeachwa chini na mwenye gari anahema. Nikakaa miguuni pake kama inavyopasa. Nikasema kwa sauti ya chini, mjomba, siku ile ya Tunu, ile ofisi haikuwa imefungwa.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sema kwa nguvu," akasema. "Sisikii siku hizi."

Nikatazama nyuso zilizokuwa pale. Wengine walikuwa na kadi yangu ya biashara mfukoni. Nikasimama, nikarudia kwa sauti yote niliyonayo, mlango ulikuwa wazi, mjomba, nilimkuta, nikajificha, nikadanganya. Sauti ikaenda hadi ng'ambo ya korongo. Chini kwenye mteremko wanawake waliokuwa wakilima waliacha majembe, wakanyoosha migongo, wakatazama juu kuona ni nani anayepiga kelele hivyo na anasema nini.